Kiholanzi na kitenzi kisichobanduka

Je, msomaji, mwenzi wako yuko Uholanzi nawe wataka kumfuata? Tangu 2006, wengi wanaohamia huko kwa wenzi wao, Wakenya wakiwemo, hufanya kwanza mtihani wa Kiholanzi wakiwa bado kwao.

Maneno si taabu sana; 'water' ni maji, kama kwa Kiingereza. Taabu ni kitenzi. 'Ik drink koffie' ni 'mimi nanywa kahawa'. Ukianza na 'vandaag', yaani leo, usifuate Kiingereza ukasema 'vandaag ik drink koffie'. Sema 'vandaag drink ik koffie'. Kitenzi hakibanduki nafasi ya pili. 'Ik' ndiyo husogea.

Lakini baada ya 'omdat', yaani kwa sababu, kitenzi hicho hicho hukimbilia mwisho: 'omdat ik koffie drink'. Hapo ndipo sisi tuliolelewa na Kiingereza cha shule huteleza. Jaribu leo mezani kwa chai, 'thee'.