Chambo Kilicho Hai

Wavuvi wa migonzo wa Ilemela, kama wale wa Kayenze, humtegea sangara kwa furu au kambare mdogo aliye hai, maana sangara hupenda windo linalojitikisa. Lakini wako wanaowasonga wote katika debe moja, wakafika kilindini na mizoga. Usiku wao umepotea.

Furu huvuta hewa iliyomo majini tu, na maji yakipata moto hewa hiyo hupungua. Basi wawekwe kivulini, wachache kwa kila debe, na maji yabadilishwe mara kwa mara. Aliyekufa atolewe upesi asiwaharibie wenzake maji.

Kambare ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu. Debe lake lisijazwe hata ukingoni, apate kupanda kupumua, nalo lifunikwe kwa kipande cha wavu, asiruke.