Mkaa Unaonasa Gesi za Sumu, na Mipaka ya Uwezo Wake

Wapo wananchi wanaoamini kwamba kitambaa kilichofungwa puani hutosha kumkinga mtu anayekaribia lori lililopinduka na shehena ya kemikali. Imani hiyo ni ya hatari. Kitambaa huzuia vumbi. Gesi hupenya katikati ya nyuzi zake. Kinachozinasa gesi nyingi ni mkaa ulioamilishwa, uliomo ndani ya vichujio vya barakoa za waokoaji.

Mkaa huo hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, mbao au makaa ya mawe. Malighafi huchomwa pasipo hewa ya kutosha, kisha hupitishiwa mvuke wa maji katika joto la nyuzi 800 hadi 1,000 za Selsiasi. Mvuke huula mkaa kwa ndani, ukauachia vitundu vingi mno visivyoonekana kwa macho. Kuta za vitundu vya gramu moja tu, zikitandazwa, zaweza kuzidi mita za mraba 1,000. Gramu nane zatosha kufunika uwanja wa mpira. Sumu ipitapo, hunata kwenye kuta hizo.

Baadhi ya gesi, kama amonia, hushikwa kwa udhaifu na mkaa mtupu. Kwa hizo, mkaa hutiwa chumvi za metali zinazofungamana na sumu na kuizuia isipite. Ndiyo maana vichujio hutofautishwa kwa rangi: katika mfumo wa Ulaya, kahawia ni cha mivuke ya viyeyusho, na kijani ni cha amonia. Kimoja hakishiki nafasi ya kingine.

Hata kichujio kilicho sahihi kina mipaka mitatu. Kwanza, vitundu hujaa, na sumu huanza kupita, pengine bila harufu ya kumwonya mvaaji. Pili, kichujio hakizalishi oksijeni. Wakazi wa Goma na Gisenyi wanayajua mazuku, yaani mabonde ambamo kabonidayoksaidi itokayo ardhini hutuama na kuua watu na mifugo. Humo, kichujio cha mkaa hakifai kitu. Vivyo hivyo ndani ya visima na matangi. Tatu, kabonimonoksaidi, gesi isiyo na harufu itokayo kwenye jiko la mkaa, hupita katika mkaa ulioamilishwa bila kunaswa. Jiko linalowaka lisiachwe kamwe ndani ya chumba cha kulala.

Ndugu wananchi, lori la kemikali linapopata ajali, msilisogelee ili kukinga mafuta au kuokota mizigo. Ondokeni kuelekea upande upepo unakotokea, waonyeni majirani, na toeni taarifa katika kituo cha polisi kilicho karibu, mkitaja mahali, rangi ya moshi na maandishi au alama zilizo ubavuni mwa lori, iwapo zasomeka kwa mbali. Taarifa hizo ndizo zinazomwezesha mwokoaji kuchagua kichujio kinachofaa, au kuja na mtungi wa hewa. Kwa asiye na vifaa hivyo, kinga iliyo ya hakika ni umbali.