Glokoma: juu ya nini kidonda cha jicho hakipashwe kufunga kabisa

Mutu akipasuliwa, famili yote inaomba kidonda kifunge mbio. Kwa oparesheni ya glokoma ni kinyume: kidonda kikifunga kabisa, kazi ya munganga imeharibika.

Ndani ya jicho kunatengenezwa maji kila siku, na yanatokea kwa njia ndogo sana. Yakishindwa kutoka vizuri, presha ya jicho inapanda na kuua polepole mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Kile mutu amekwisha kupoteza hakirudi. Oparesheni inalinda tu kile kimebaki.

Ile oparesheni inayojulikana sana, trabekulektomi, iko inafanywa tangu miaka ya 1960. Munganga anafungua kamulango kadogo kwenye sehemu nyeupe ya jicho, chini ya kope la juu, maji yapate pa kupita. Lakini mwili haujue kama ni mulango. Unaona kidonda, unaleta kovu, na maji yanafungiwa tena. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa watu weusi, kwa vijana, na kwa wale jicho lao lilipasuliwa zamani.

Juu ya kuzuia kovu, minganga wanaweka mitomisini C dakika chache wakati wa oparesheni, kisha wanaisafisha. Ni dawa ya kansa. Ikizidi, ngozi ya jicho inakuwa nyepesi, maji yanavuja na mikrobe inaingia. Kisha kunafuata matone ya kupunguza uvimbe, kwa wiki nyingi, hata miezi. Katika wiki za kwanza munganga anaweza pia kulegeza nyuzi kama maji hayatoke vizuri.

Kwa hiyo, usiache matone juu jicho haliumi tena. Usiongeze yako pia: matone hayo yakitumiwa bila kupimwa, yanaweza kupandisha presha. Usisugue jicho, usibebe mizigo mizito, usitie majani wala maziwa ya mama. Jicho likiwa jekundu, likiuma, likitoa usaha ao kuona kukipungua, hata kisha miaka, rudi hospitali siku ileile.

Wenye kutoka mbali, mbele ya kukubali oparesheni muulize munganga: nitarudi mara ngapi? Nitalala wapi? Matone ni franga ngapi? Kupasuliwa ni siku moja. Kulinda ule mulango ni kazi ya miezi.