KUCHIMBA PANGO SI KUCHIMBA DHAHABU

Ndugu msomaji, sisi wa Mpanda tunajua kuchimba. Tunachimba visima, vyoo na misingi ya nyumba, na wengine wetu huingia duarani kutafuta dhahabu. Mtafuta dhahabu hupiga sururu mpaka akutane na mwamba wake. Udongo anautupa, kwani haumhusu.

Lakini iko kazi nyingine ya kuchimba ambayo udongo wenyewe ndio mali. Inaitwa akiolojia, yaani elimu ya kujua maisha ya watu wa kale kwa kuchimbua vitu walivyoacha ardhini. Leo tuitazame kazi hiyo katika mapango mawili ambayo wenyeji huyaheshimu kama mahali pa kuombea. Halafu tujiulize inatuhusu nini sisi wa Katavi.

MTOTO WA KILIFI

Pango la kwanza liko Kilifi, nchi jirani ya Kenya, kama kilomita 15 kutoka baharini. Jina lake ni Panga ya Saidi. Hapo "panga" si lile la kufyekea. Kwa lugha ya Wamijikenda maana yake ni pango.

Wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na wenzao wa nchi za nje, walianza kuchimba humo mwaka 2010. Mwaka 2013 vikaonekana vipande vidogo vya mifupa. Hawakukimbilia kuving'oa. Walikwenda polepole, na shimo zima likafunuliwa mwaka 2017, kama mita 3 chini ya sakafu ya pango.

Mifupa ilikuwa imechakaa mno; ukiigusa inageuka unga. Basi waliizungushia plasta pamoja na udongo wake, kama vile hospitali wanavyofunga mguu uliovunjika, wakalibeba bonge zima mpaka Nairobi. Baadaye likapelekwa kwenye maabara ya mji wa Burgos, Hispania.

Ndani ya bonge lile alikuwamo mtoto wa miaka 2 na nusu hadi 3. Alizikwa miaka 78,000 hivi iliyopita. Wataalamu walimpa jina la Kiswahili, wakamwita Mtoto. Habari zake zilipotangazwa Mei 2021, kaburi lake lilikuwa la zamani kuliko makaburi yote ya watu yaliyojulikana katika Afrika.

WALIJUAJE KUWA ALIZIKWA?

Mtu anaweza kuuliza: labda alifia pangoni tu, vumbi likamfunika? Jibu lilitoka kwenye udongo.

Kwanza, udongo wa shimoni ulikuwa tofauti na udongo wa pembeni. Maana yake mtu alichimba, kisha akafukia. Pili, mtoto alilala kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, na mifupa mingi ilikuwa bado mahali pake. Tatu, sehemu ya juu ya mwili ilikuwa imebanwa kama ya mtu aliyeviringishwa sanda, labda ya majani au ngozi. Na kichwa kilikuwa kimeinama, kama kwamba kililazwa juu ya mto, na ule mto ukaoza.

Fikiri, ndugu msomaji. Watu wale hawakuwa na jembe la chuma wala kitambaa. Lakini walimfunika mtoto wao na kumwekea mto. Msiba wao tunauelewa hata leo.

Je, umri ulipimwaje? Vitu kama mkaa hupimwa maabara, lakini kipimo hicho kinafika miaka 50,000 hivi tu. Kwa vitu vya zamani zaidi hupimwa chembe za mchanga. Chembe ikifukiwa gizani hujikusanyia nguvu kidogo kidogo kila mwaka. Nguvu hiyo ikipimwa, inajulikana chembe ile iliona jua mara ya mwisho lini.

PUNDA MILIA WA UNGUJA

Pango la pili ni Kuumbi, karibu na Jambiani, kisiwani Unguja. Mwaka 2005 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba humo, na wengine wakafuata. Ilipatikana mifupa ya wanyama wa porini, hata ya punda milia. Sasa punda milia alivukaje bahari? Hakuvuka. Miaka 20,000 hivi iliyopita maji ya bahari yalikuwa chini sana, na Unguja ilikuwa imeungana na bara. Mnyama alikwenda kwa miguu yake, na mwindaji nyuma yake.

UDONGO UNA MPANGO WAKE

Mkulima akijaza kihenge, mahindi yaliyotangulia hukaa chini na ya mwisho hukaa juu. Udongo wa pango ni hivyo hivyo. Tabaka la chini ni la kale, la juu ni la juzi.

Ndiyo maana wataalamu hawatumii sururu ovyo. Hugawa sakafu kwa kamba katika miraba. Huchimba kwa mwiko wa mwashi na brashi, tabaka kwa tabaka. Udongo wote hupitishwa kwenye chekeche. Kila ushanga na kila mfupa huandikwa ulitoka wapi na kina gani. Kitu kikitolewa bila kuandikwa hupoteza habari yake. Na tabaka likishavurugwa, hakuna awezaye kulipanga upya.

NA HUKU KWETU JE?

Huku kwetu pia kuna ya kuchimbuliwa. Jirani zetu wa Uvinza walichimbiwa mwaka 1967, na ikajulikana kuwa chumvi ilipikwa pale zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Karema kuna misheni iliyokabidhiwa ngome ya Wabelgiji mwaka 1885. Karibu na ziwa Katavi uko mkwaju wa mzimu wa Katabi, ambako watu hupeleka sadaka.

Hatari ni uvumi. Mara nyingi utasikia, eti Wajerumani walificha mali mahali fulani. Vijana wanabeba sururu usiku na kuchimbua makaburi, magofu na mapango. Asubuhi hawana mali, na tabaka zote zimevurugika. Kama palikuwa na Mtoto mwingine pale, amekwisha kuwa unga.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimbua mambo ya kale bila kibali. Lakini sheria haikai porini usiku. Wanaokaa karibu ni sisi. Ukikutana na vigae, mifupa, shanga au vipande vya tanuri la chuma, usiving'oe. Weka alama, simamisha kazi, na toa taarifa kwa serikali ya kijiji ili ifikishwe kwa afisa utamaduni wa wilaya. Mahali pa mizimu, waulize wazee kwanza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini wataalamu wa Kilifi hawakuitoa mifupa mara walipoiona?
2. Kijijini kwenu kuna mahali gani pa kale? Nani anapatunza?
3. Mtu akija kwenu kutafuta "mali ya Mjerumani", mtamwambia nini?