Fahamu: Kwa nini fulani kaachwa Taifa Stars?
Kikosi cha Taifa Stars kikitangazwa, vijiwe vya Musoma, Bunda na Butiama mkoani Mara huwaka moto: mbona fulani kaachwa?

Kwanza tazama mashindano. CHAN ni ya wanaocheza ligi za nchini mwao pekee. Ndiyo maana Agosti 2025, Tanzania ilipoiandaa pamoja na Kenya na Uganda na kufika robo fainali, mshambuliaji Mbwana Samatta, anayecheza nje ya nchi wakati huo, asingeweza kuitwa hata kocha angetaka. AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, haina kizuizi hicho, ila nafasi zina kikomo. Kule Ivory Coast, mapema 2024, ziliruhusiwa 27 tu, makipa wakiwemo.

Nafasi zikiwa chache, anayeonekana ndiye hufikiriwa kwanza, na hapo ndipo Mara inapoumia. Biashara United, timu ya Musoma, ilipanda Ligi Kuu 2018, ikashuka 2022. Kwa misimu ile minne Simba na Yanga walikuja Uwanja wa Karume, na beki wa Biashara akaonekana nchi nzima akimkaba mshambuliaji wa timu ya taifa. Leo kijana anayeng'ara kwenye uwanja wa vumbi Butiama lazima kwanza asajiliwe mbali na kwao. Kwangu hilo ndilo pengo la kuzibwa haraka, maana AFCON ya 2027 imepangwa kuchezwa hapa hapa Afrika Mashariki.