Kweli au si kweli: skii za kuanzia bila kuvunja kibubu

Kila theluji ya kwanza ikianguka Oslo, simu yangu hujaa maswali yale yale. Shule imetuma barua: wiki ijayo kuna siku ya skii, mtoto aje na skii, buti na fimbo. Wazazi wenzangu kutoka Tanzania, Kenya na Kongo hupiga hesabu, wanashtuka, na wapo wanaombakiza mtoto nyumbani siku hiyo wakisema ana mafua. Hilo linaniuma. Langrenn, yaani skii za mwendo mrefu ambazo Wanorwe huenda nazo msituni, si mchezo wa matajiri. Njia za msitu wa Nordmarka hazina kiingilio, na treni namba 1 ya T-bane inakufikisha Frognerseteren ukiwa na skii zako mkononi. Kinachomaliza pesa ni kununua kwa maneno ya kusikia. Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi.

“Mtu mrefu, skii ndefu.”

Si kweli, au tuseme ni robo ya ukweli. Skii zangu za kwanza nilizinunua kwa kipimo hicho. Muuzaji wa duka moja alinitazama kuanzia utosini hadi miguuni, akanitolea jozi, nikalipa. Kwenye tambarare zilikwenda. Kwenye mlima wa kwanza, kila nikijisukuma mbele nilirudi nyuma. Nilishuka nikiamini mapaja yangu hayana nguvu, na msimu ule wote sikurudi tena. Kumbe skii zilikuwa ngumu mno kwa kilo zangu 62.

Ilaze skii ya langrenn sakafuni uitazame kwa ubavu. Katikati imenyanyuka kama upinde. Pale chini ya mguu ndipo penye kitu cha kung'ang'ania theluji: nta, magamba au manyoya. Ukiwa umesimama kwa miguu miwili, upinde unatakiwa ubaki juu kidogo, skii iteleze. Ukihamishia uzito wote kwenye mguu mmoja ili ujisukume, upinde unatakiwa ulale, sehemu ile ibanwe kwenye theluji na ikushike. Upinde ulio mgumu kuliko uzito wako haulali, ndiyo maana unarudi nyuma. Ulio laini mno unalala muda wote, nawe unaburuza badala ya kuteleza. Kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe la kilo. Urefu unafuata.

Kujua kama upinde unakufaa kunahitaji karatasi moja na sakafu iliyo sawa. Mwaka jana mama mmoja wa Kikongo alikuja kwangu na jozi aliyopewa aijaribu kabla ya kulipa. “Kaka, mimi hata jina la hivi vitu silijui,” akaniambia. “Dada, wewe simama tu.” Akasimama jikoni, mguu mmoja kwenye kila skii, uzito sawasawa. Nikachukua bili ya umeme, nikaipitisha chini ya skii pale kwenye mguu. Ikaenda mbele na nyuma bila kukwama. Nikamwambia asimame kwa mguu mmoja. Nikaivuta, ikagoma. Nikaivuta tena, ikachanika kona. Akacheka, akatoa simu, akamlipa muuzaji palepale.

Kama karatasi haipiti hata akisimama kwa miguu miwili, skii ni laini kwake. Kama inapita hata akisimama kwa mmoja, ni ngumu. Hakuna rangi wala jina la kampuni litakalokwambia hayo.

“Mitumba ni kubahatisha, nunua mpya.”

Si kweli, na sisi ndio watu wa mwisho wa kulisema hilo. Aliyewahi kuchambua nguo kwenye soko la mitumba la Karume robota likifunguliwa asubuhi anajua kugeuza nguo, kufuata mshono kwa kidole, kuitazama juani. Jicho ni lile lile. Kwenye FINN.no, ambako Wanorwe huuziana vitu vilivyotumika, skii zimejaa, kwa sababu watu hapa hubadilisha jozi ambayo bado ni nzima.

Ukienda kuzitazama, ziunganishe tumbo kwa tumbo. Zigusane mbele na nyuma, katikati ubaki uwazi. Zikilaliana bapa, upinde umekufa, shukuru uondoke. Bonyeza ncha na mkia: tabaka zikiachana kama kurasa za kitabu kilicholowa, maji yameshaingia. Mikwaruzo midogo chini haina neno. Ufa mrefu wenye kina una neno. Tikisa vishikizo vya buti uone kama skrubu zinacheza. Fimbo za mtindo wa kawaida, ukisimama nazo zifike kwapani au juu kidogo, zisifike mdomoni, maana hizo ni za mtindo mwingine wa kusukuma miguu pembeni, ambao mwanzoni huna haja nao. Jozi yangu ya sasa niliinunua kwa krona 400 pamoja na fimbo, na huu ni msimu wake wa tano.

“Basi na buti ziwe za bei ya chini kabisa.”

Hapana. Hapa ndipo pa kulipia. Niliwahi kununua buti zilizotumika, safi, ngozi inang'aa, zilizokaa kabatini miaka mingi. Niliona ni bahati. Kilomita nne kutoka stesheni ya Sognsvann nikahisi mguu wa kulia unalegea. Soli ilikuwa inameguka vipande kama mkate mkavu, na kile kichuma cha mbele kinachong'ang'ania kishikizo kikabaki kwenye skii. Nilirudi kwa miguu, skii begani, soksi zikilowa. Baadhi ya plastiki za soli huoza taratibu kwa unyevu wa hewa hata kama buti haijavaliwa, na umri huo hauonekani kwa nje. Ukinunua zilizotumika, zikunje kwa nguvu mbele ya mwenyewe na ubonyeze soli kwa ukucha. Ikiacha ungaunga, achana nazo.

Vaa na soksi moja ya sufu. Vidole vicheze, kisigino kisinyanyuke ndani ya buti. Buti inayobana huzuia damu, na mguu usiopata damu kwenye baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri huumia haraka.

“Buti ni buti, itaingia tu.”

Si kweli, na kosa hili limewalia pesa wengi ninaowafahamu. Geuza buti utazame soli. Yenye mifereji miwili inayokwenda sambamba ni ya mfumo wa NNN, wa kampuni ya Rottefella ya Norwe. Buti hizo huingia pia kwenye vishikizo vya Prolink vya Salomon na Turnamic vya Fischer na Rossignol. Yenye mfereji mmoja mpana katikati ni ya SNS, mfumo wa zamani wa Salomon, na hauingiliani na NNN kwa namna yoyote. SNS unapotea sokoni, ndiyo maana utakuta buti zake kwa bei ya kutupa. Ukizichukua, siku zikichakaa utabadilisha na vishikizo. Ukiona buti ina mdomo wa bata mbele wenye matundu matatu, hiyo ni ya milimita 75, ya enzi za babu zao.

“Bila kujua nta huwezi.”

Ilikuwa kweli zamani. Skii za magamba zina vijino vilivyochongwa chini, unavaa unaondoka. Zina kelele na mwendo wake ni wa polepole kidogo, lakini ndizo rahisi kuliko zote. Zile za manyoya, Wanorwe wanaziita felleski, zina utepe wa mohair, yaani singa za mbuzi wa Angora, unaoteleza kwenda mbele na kukataa kurudi nyuma. Zote mbili hupakwa nta ya kutelezea ncha na mkia mara mojamoja, basi.

Ila jambo moja lizingatiwe. Ukiuziwa skii pamoja na kiboksi cha nta za zamani, soma maandishi. Nta zenye fluori zina kemikali zisizooza, huingia kwenye maji na miilini mwetu. Shirikisho la kimataifa la skii, FIS, limezipiga marufuku mashindanoni tangu msimu wa 2023/24. Usizipake kwenye skii za mtoto. Zipeleke panapopokelewa taka hatari.

“Lazima koti zito.”

Si kweli. Utatoka jasho ndani ya dakika kumi, na jasho ndilo linaloleta baridi. Sufu nyepesi mwilini, kitu cha kuzuia upepo juu yake. Fulana ya pamba iache nyumbani.

“Mtoto anunuliwe kubwa, atakua nazo.”

Si kweli, na nawaomba wazazi wanisikie hapa. Mtoto aliyepewa skii ndefu na buti zinazopwaya huanguka, hulia, halafu husema mchezo huu si wetu. Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji aliyejifunza skii ukubwani, alimaliza wa mwisho kwenye kilomita 10 za Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwe akamsubiri pale mwisho ili amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie, na akarudi kwenye Olimpiki mwaka 2002 na 2006. Kwa hiyo hilo la “si wetu” lilishajibiwa. Mpe mtoto skii fupi anazoweza kuzigeuza.

“Unaweza kuanza bila kununua chochote.”

Kweli kabisa, na ndilo lisilosikika. Vituo vya BUA huazimisha vifaa bure sehemu nyingi za Norwe, kwa kawaida wiki moja moja. Walioko Sweden wana Fritidsbanken, iliyoanzia Deje mkoani Värmland mwaka 2013, ambayo huazimisha siku 14 bila malipo. Huulizwi mshahara wala sababu. Mwanangu wa pili alijifunzia skii za namna hiyo. Alichagua za njano mwenyewe, tukazirudisha Jumatatu zikiwa bado zinatona maji, na yule kijana wa kaunta akamuuliza kama anazitaka tena Ijumaa.