Kujitenga: Nani Huulizwa, Nani Huishi Mpakani?

Katika shule zetu za upili, kila itajwapo mada ya nchi kujitoa katika muungano, mfano wa kwanza utolewao siku hizi ni ule wa Uingereza. Wanafunzi huikariri tarehe vyema: Juni 23, 2016. Hukariri pia kwamba waliotaka kutoka katika Umoja wa Ulaya walikuwa asilimia 51.9, na waliotaka kubaki asilimia 48.1. Mfano huo ni mzuri, na sina nia ya kuufuta ubaoni. Ila ninaona ajabu kwamba mwalimu wa Garsen, Ngao au Tarasaa avuke bahari kutafuta somo ambalo limelala chini ya miguu yake, katika udongo wa Mto Tana.

Kwani mto huu uliwahi kuwa ncha ya mivutano miwili ya kujitenga kwa wakati mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya sitini, Kenya ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru, watu wa kusini mwa delta walisikia habari za Mwambao, na watu wa juu ya mto wakasikia habari za Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyojulikana zaidi kwa herufi zake tatu, NFD. Wa kwanza walitaka ukanda wa Pwani ujitawale au urudi Zanzibar. Wa pili walitaka kuungana na Jamhuri ya Somalia. Mipaka ya madai hayo mawili ilikaribiana sana na Tana, na baina yake walikaa Wapokomo na mashamba yao, na Waorma na ng'ombe wao.

Tuanze na Mwambao. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba milki ya Sultani wa Zanzibar katika bara ni ukanda wa maili 10 kutoka ufukweni, na upande wa kaskazini ukanda huo ukakomea Kipini. Desemba 1895 Sultani akaukabidhi Uingereza sehemu yake iliyo katika Kenya ya leo, uusimamie kwa niaba yake, kwa malipo ya pauni 11,000 kila mwaka, mbali na riba. Ndiyo sababu bendera ya Sultani iliendelea kupepea Mombasa hadi mwaka 1963, na ndiyo sababu nchi yetu iliitwa koloni na pia himaya: koloni barani, himaya ukandani. Kipini ilikuwa himaya. Garsen, iliyo mbali na bahari kupita maili 10, ilikuwa koloni. Mtu aliyeshuka kwa mtumbwi kuuza ndizi zake Kipini alitoka utawala mmoja akaingia mwingine bila hata kuweka kasia chini.

Na hiyo Kipini yenyewe ina kisa chake. Wakati mkataba ule ulipokuwa ukitiwa saini, Kipini ilijulikana kuwa mlango wa Mto Ozi. Maji ya Tana yalikuwa yakitafuta bahari upande mwingine, kusini zaidi. Katika karne hiyo ya 19 palikuwa pamechimbwa mfereji uitwao Belazoni, ili mitumbwi ipite kutoka Tana hadi Ozi, na mto, kama ilivyo desturi ya mito ya tambarare, ukapenda njia mpya. Hatimaye Tana yote ikaufuata mfereji na kumwagikia Kipini. Wenye kalamu Ulaya walichora mstari, mto ukahama. Mwalimu wa jiografia ajuaye kueleza kupinda kwa mito na maziwa yaachwayo nyuma hahitaji mfano mwingine wa hatari ya kuufanya mto kuwa mpaka.

Dai la Mwambao halikupigiwa kura. Mwaka 1961 Sir James Robertson alitumwa kuchunguza, na mwisho wa mwaka huo akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya, pamoja na dhamana kwa wakazi wake. Waafrika wengi wa Pwani, wakiwamo wafuasi wa Ronald Ngala katika KADU, hawakutaka kurudi chini ya Sultani. Walichotaka ni majimbo ndani ya Kenya. Oktoba 8, 1963 mkataba ulitiwa saini London: Sultani akaachilia ukanda, na serikali ya Kenya ikaahidi uhuru wa dini, kuendelea kwa mahakama za Kadhi, na kuheshimiwa kwa hati za ardhi. Miezi mitatu baadaye, Januari 12, 1964, Sultani mwenyewe akapinduliwa. Katika ahadi hizo, ile ya Kadhi imo hadi leo katika Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170. Ile ya ardhi ndiyo iliyozua maneno. Walioitoa kaulimbiu ya "Pwani si Kenya" katika miaka ya karibuni walikuwa wakirejelea karatasi hizi za 1895 na 1963. Mtu anaweza kupinga hitimisho lao, nami ninalipinga, bila kukana kwamba maskwota wa Pwani wana swali ambalo halijajibiwa.

Habari za NFD ni nzito zaidi. Wako wanaosimulia kwamba mwaka 1962 palifanyika kura ya maoni kaskazini, na hata hutaja asilimia za ushindi. Walimu wa historia wawe waangalifu hapo. Hapakuwa na masanduku wala karatasi za kura. Palikuwa na tume ya watu wawili, mwanasheria kutoka Nigeria na jenerali kutoka Kanada, waliozunguka katika wilaya sita za Isiolo, Garissa, Mandera, Marsabit, Moyale na Wajir wakisikiliza wajumbe na mabaraza. Waliyoyasikia yalikuwa bayana: sehemu kubwa ya wakazi, hasa Wasomali, walitaka kutoka Kenya na kujiunga na Somalia. Machi 1963 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba jibu lake ni kuunda mkoa wa saba ndani ya Kenya. Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Mwezi wa Mei Wasomali wa mkoa huo mpya wakasusia uchaguzi. Desemba 25, 1963, siku 13 tu baada ya uhuru, hali ya hatari ikatangazwa, na vita vya mashifta vikashika moto.

Watu wale wa kaskazini waliulizwa, wakajibu, na jibu lao likawekwa kabatini. Hilo ni dhuluma ya aina moja, na yeyote aandikaye juu ya vita vile bila kulitaja anaandika nusu ya habari. Lakini iko dhuluma ya aina ya pili, isiyo na mtetezi vitabuni: ya yule ambaye hakuulizwa hata kidogo, kisha vita vikapiga kambi mlangoni pake.

Tana River haikuwa miongoni mwa zile wilaya sita. Ilikuwa Pwani. Tume haikuwa na kazi nayo. Lakini kwa masafa marefu mto ndio uliotenganisha Garissa na Tana River, na vita havisomi hadidu za rejea za tume. Vijiji vya Wapokomo vilivyokuwa ukingo wa mashariki vilihamia ukingo wa magharibi, vikiacha nyuma miembe iliyopandwa na mababu na mashamba ya mafuriko ambayo rutuba yake hutokana na kukaa pale pale miaka nenda miaka rudi. Waorma, ambao wakati wa kiangazi huwashusha ng'ombe kwenye malka, yaani njia za kufikia maji ya mto, walijikuta wakishukiwa na pande zote mbili: wafugaji, Waislamu, wenye lugha ya Kikushi, basi askari aliyetoka mbali angewatofautishaje na shifta?

Asiyeamini kwamba vita hivyo vilifika huku na aisome Sheria ya Kinga ya mwaka 1970, iliyotungwa na Bunge ili maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa mambo yaliyotendeka kati ya Desemba 25, 1963 na Desemba 1, 1967. Sheria hiyo inataja maeneo yake kwa majina: Mkoa wa Kaskazini Mashariki, pamoja na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Kwa hiyo wakati wa kuulizwa maoni, Tana River ilikuwa Pwani. Wakati wa kuzibiwa mlango wa mahakama, ikahesabiwa pamoja na kaskazini.

Tukisha kulielewa hilo, ndipo turudi kwa Waingereza, na tutaona yale ambayo asilimia za ubaoni huyaficha. Karatasi ya mwaka 2016 ilikuwa na majibu mawili, kubaki au kutoka. Namna ya kutoka haikuandikwa. Katika Ireland ya Kaskazini, asilimia 55.8 ya wapiga kura walitaka kubaki, na Scotland asilimia 62, lakini hesabu ilikuwa moja ya taifa zima. Na kumbe mpaka pekee wa nchi kavu baina ya Uingereza na taifa jingine la Umoja huo, tukiiacha Gibraltar, ulipita papo hapo Ireland, katikati ya mashamba na vijiji vya watu walioacha kuuana kwa mkataba wa mwaka 1998. Mwaka 2019 Bunge la Uingereza lilikataa mapatano ya kutoka mara tatu, na kiini cha ugomvi kilikuwa mpaka ule. Nchi ilitoka Januari 31, 2020. Ya Ireland yakaendelea kutafutiwa dawa hadi mapatano ya Windsor ya mwaka 2023. Walioishi mpakani ndio waliolijua tatizo tangu siku ya kwanza, na ndio ambao kura yao ilimezwa.

Atatokea msomaji aniambie: wengi ni wengi, na haiwezekani kila kijiji kipewe uwezo wa kuzuia taifa. Nakubali. Sidai kwamba Kipao au Oda iwe na kura ya turufu. Ninachodai ni kwamba swali la kujitenga lisipelekwe kwa wananchi likiwa nusu. Mtu akiulizwa kama anataka kuhama nyumba, ana haki ya kujua anahamia wapi, na ukuta utajengwa katika uwanja wa nani.

Sheria zetu zinasemaje? Hapa wanafunzi wa uraia wana kazi nzuri ya kufanya. Kifungu cha 255 cha Katiba ya Kenya kinataka kura ya maoni kwa mabadiliko yoyote yanayogusa mipaka ya nchi, na hakitosheki na wingi wa kura peke yake: lazima angalau asilimia 20 ya waliojiandikisha wajitokeze katika nusu ya kaunti au zaidi. Huo ni uangalifu ambao Waingereza hawakuwa nao. Lakini ukifungua Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Novemba 30, 1999, kifungu cha 145 kinairuhusu nchi mwanachama ijiondoe ikiwa theluthi mbili za wabunge wake wataazimia hivyo, na taarifa itolewe miezi 12 kabla. Mwananchi hatajwi. Mchuuzi wa Lunga Lunga mwenye nduguze Tanga hana pa kusemea ila kwa mbunge wake.

Hata hivyo, theluthi mbili ya Bunge ni afadhali kuliko yaliyotokea zamani. Jumuiya ya kwanza, iliyoanzishwa mwaka 1967, haikuvunjwa kwa kura ya mtu yeyote. Marais watatu hawakukutana tena baada ya Idi Amin kutwaa madaraka Januari 1971. Shirika la ndege likasambaratika. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Na ilipofika Julai mwaka huo, bila bajeti, Jumuiya ikawa imekufa. Mpaka haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Mali ikagawanywa kwa mapatano ya Arusha ya Mei 1984, Kenya ikipata asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26. Injini za treni na majengo vilipata mahesabu. Waliokatwa na ndugu zao kwa takriban miaka saba hawakuwamo katika jedwali.

Ningependa kuona mwalimu wa Garsen akiwatuma wanafunzi wake kwa wazee, kwa gasa la Wapokomo na kwa wazee wa Waorma na Wawardei vilevile, wakiwa na daftari na maswali yaliyo wazi: kijiji chenu kilikuwa ukingo upi kabla ya mashifta? Nani aliwaambia mhame? Mliacha nini? Wanaokumbuka mwaka 1963 wakiwa watu wazima sasa ni wachache mno. Kaunti hii iliyopoteza watu zaidi ya mia moja katika mapigano ya 2012 na 2013, yaliyohusu ardhi na njia za maji, inahitaji kuyasikia majibu yao, hasa kwa kuwa mpaka kati yake na Garissa bado unabishaniwa.

Na wakiwa katika kazi hiyo watakutana na jambo moja ambalo wazee hawangeweza kuliota. Vita vya mashifta vilimalizwa rasmi Oktoba 28, 1967, kwa hati iliyotiwa saini na Kenya na Somalia mbele ya Rais Kaunda wa Zambia, katika mji wa Arusha. Machi 2024 Somalia ilikamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yako mji uo huo. Garissa na Kismayu, ambazo watu wa NFD walitaka ziwe nchi moja kwa kujitenga na Kenya, sasa zimo ndani ya Jumuiya moja, na hakuna mtu wa Garissa, Kismayu wala Garsen aliyepelekewa swali.